Kitabu cha Picha, Chukudu ya Kartoni na Mandazi ya Magurudumu: Mwongozo Kamili wa Alasiri Moja Goma

Shughuli yenyewe ni hii: kusoma kitabu cha picha, kutengeneza kwa kartoni chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mizigo Goma, mashariki mwa Kongo), na kukaanga mandazi. Wazazi wanaoijaribu nyumbani hukwama mahali pale pale. Gurudumu la kartoni limegandana na kijiti, halizunguki. Mandazi yamekunywa mafuta, au yana unga mbichi katikati. Na mtoto aliyeahidiwa sherehe ameshasinzia, au anaomba simu.

Ufundi wenyewe si mgumu. Kinachoharibu ni mpangilio. Watu huanza na kitabu, wakaja kwenye makasi, na njaa ikishaingia ndipo wanatafuta hamira. Hapa tunageuza: donge la mandazi linatangulia, na muda wake wa kuumuka ndio unaoongoza mengine yote.

Mwongozo huu unafaa watoto wa miaka 4 hadi 10. Unahitaji mtu mzima mmoja wa jikoni na, ikiwezekana, mkubwa mwingine wa kukaa na wadogo wakati mafuta yako motoni. Kama uko peke yako, ruka kukaanga na utumie vitafunio visivyo na moto vya hatua ya 6. Hapo usibishane na nafsi yako.

## Mahitaji

Kitabu. Chochote cha picha ambacho ndani yake mtu, mnyama au kitu kinasafiri: gari, mashua, kobe mwenye mzigo. Kurasa 12 hadi 24 zinatosha. Kama nyumbani hakuna, African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, hutoa vitabu vya picha bure kwenye intaneti, vya Kiswahili vikiwemo. Pakua kwenye simu siku yenye mtandao mzuri, au peleka faili kwenye duka la fotokopi wakuchapishie. Cha karatasi ni bora kuliko cha simu, maana simu ikiita hadithi imekufa.

Vya chukudu:
- kartoni ngumu yenye mawimbi ndani, ya sabuni au biskuti
- kopo dogo la nyanya (lile la gramu 70) la kuchorea duara
- vijiti vya brosheti (mishikaki) 3
- mirija 2 ya kunywea jus, ile minene
- kole (gundi) nyeupe ya mbao
- skochi (utepe wa kunata), uzi, makasi, na kisu cha mtu mzima
- ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa (fundi wa baiskeli atakukatia)

Vya mandazi, kama 20:
- unga wa ngano nusu kilo (vikombe 4 vya robo lita, usiushindilie)
- sukari vijiko vikubwa 6
- hamira ya chenga kijiko kidogo kimoja na nusu
- chumvi nusu kijiko kidogo
- mafuta vijiko vikubwa 2 ya kukandia, na lita moja ya kukaangia
- maziwa au maji ya vuguvugu robo lita, na mengine kidogo pembeni
- iliki, ukipenda

Vya kitafunio kisicho na moto: ndizi mbivu, jibini ya Masisi (ya milimani karibu na Goma), tango, mkate, na spageti kavu chache.

Kole ikikosekana, pika uji mzito wa vijiko 2 vya unga wa ngano na nusu kikombe cha maji. Unashika vizuri, ila hukauka polepole sana. Ndiyo sababu hatua ya kwanza hufanyika jana yake.

## Hatua ya 1: Magurudumu, jioni ya kuamkia

Weka kopo juu ya kartoni, chora duara 8, ukate. Kukata kartoni nene ni kazi ya mkubwa. Mtoto ashike kopo na kuchora.

Bandika duara 4 pamoja kuwa gurudumu moja, na nyingine 4 kuwa la pili. Kila unapoongeza duara, geuza mawimbi yake yakatishe yale ya chini. Yakilala upande mmoja gurudumu hupinda. Yakikatishana hukaza kama mbao.

Weka kitu kizito juu na uache hadi asubuhi. Kole ya mbao hushika ndani ya saa moja, lakini kartoni iliyobaki na unyevu ndani huvimba na kuleta gurudumu lenye tumbo.

Asubuhi tafuta katikati. Pitisha uzi kutoka ukingo hadi ukingo mahali duara lilipo pana zaidi, chora mstari, ugeuze na uchore mwingine. Mistari inapokutana ndipo pa kutoboa. Toboa kwa ncha ya kijiti kwanza, kisha panua kwa penseli hadi mrija uingie kwa kubana.

Ukifaulu: gurudumu likibingirishwa kwenye sakafu huenda hatua mbili tatu bila kuyumba kama mlevi. Likiyumba, tundu haliko katikati. Likate jingine, kwa sababu hakuna kole itakayokuokoa mbele ya safari.

## Hatua ya 2: Donge, kabla ya kitu kingine chochote

Alasiri yenyewe, osheni mikono na muanze hapa. Changanya unga, sukari, chumvi, hamira na iliki. Ongeza mafuta, usugue kwa vidole. Mimina maziwa kidogo kidogo. Unga wa duka hili na wa duka lile hawanywi sawa, kwa hiyo usimwage yote mara moja.

Maziwa yawe ya vuguvugu. Chovya kidole kidogo uhesabu hadi kumi. Ukiona raha, ni sawa. Ukitamani kukitoa, yatachoma hamira na donge halitaumuka kamwe.

Kanda dakika 10. Wape watoto kila mmoja kipande chake cha kukanda, kisha uunganishe. Donge liwe laini, lisigande mikononi. Wengi huongeza unga hapa kwa sababu linanata dakika za mwanzo. Subiri. Baada ya dakika 5 za kukanda linajikusanya lenyewe, na unga wa ziada ndio unaozaa mandazi magumu.

Pakaza mafuta, funika kwa kitambaa kibichi, weka mahali pasipo na upepo.

Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, kwa hiyo donge hupanda haraka kuliko maelekezo yaliyoandikiwa watu wa pwani. Lakini siku ya mvua na baridi hulala. Usiamini saa peke yake: baada ya dakika 45 bonyeza kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, tayari. Donge likinywea lote, limepitiliza; likande kidogo, ulipumzishe dakika 15.

Sasa mna karibu saa moja, na ndiyo ya kitabu na chukudu.

## Hatua ya 3: Kusoma, na hapa ndipo pa kukaa

Mara ya kwanza, usisome maneno. Funika maandishi kwa mkono kama ni lazima. Pitieni picha tu, ukurasa kwa ukurasa, na mtoto ndiye anayesimulia. Mtu mzima akianza na maandishi, kitabu huisha kwa dakika tano na mtoto hana alichokiona zaidi ya kidole chako.

Uliza maswali yenye njia, si yenye jibu moja. "Hii ni nini?" huzaa neno moja na kimya. "Anaenda wapi? Nani anamngoja kule? Mzigo wake ungeanguka hapa ingekuwaje?" huzaa hadithi. Mtoto akikosea jina la kitu, acha apite nalo hadi mwisho. Darasani anasahihishwa vya kutosha.

Mara ya pili soma maandishi. Kama kitabu ni cha Kifaransa, kama vilivyo vingi nyumbani kwetu, usitafsiri sentensi moja moja. Soma ukurasa kimya, kisha ueleze kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, na ubakize neno moja au mawili ya Kifaransa yenye sauti tamu ambayo watoto watayarudia kwa pamoja.

Halafu chagueni ukurasa mmoja. Mmoja tu. Ule ambao safari inakuwa ngumu: kilima, mto, mzigo mzito. Kama kwenye kitabu kuna treni, mtoto wa Goma huenda hajawahi kuiona, lakini meli za kwenda Bukavu anaziona ziwani, na chukudu anazipisha barabarani kila siku. Muulize: "Huyu angekuwa anatoka Sake, ule mji mdogo jirani, kuja mjini, mzigo huu ungebebwa na nini?" Jibu litakuja lenyewe, na ndilo daraja la kuingia kwenye kartoni.

Muongelee chukudu kidogo kabla ya kukata. Ni ya mbao, ina magurudumu mawili, haina pedali wala mota. Magurudumu yake ni ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenye nayo huweka goti moja juu na kusukuma kwa mguu mwingine. Mteremkoni anakaa juu na kukanyaga kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Inabeba viazi, kabichi, makala (mkaa), mbao. Mtoto aliyewahi kuona sanamu ile ya dhahabu kwenye Rond-point Chukudu, ule mzunguko wa barabara mjini, atakuongezea mwenyewe.

Ukifaulu: mtoto anakuomba mrudie ukurasa ule. Akiomba kitabu kizima tena, mpe; donge linaweza kungoja.

Tahadhari: anayetambaa chini au kuondoka katikati hajashindwa. Mwache asikilize huku anacheza. Wa miaka 4 husikia kwa mgongo.

## Hatua ya 4: Kuunganisha chukudu

Kata ubao wa kartoni wa sentimita 22 kwa 6, mara mbili, uubandike pamoja mawimbi yakikatishana. Upande wa nyuma, kata mwanya wa sentimita 7 kwa 2.5 katikati ya upana. Humo ndimo gurudumu la nyuma litakaa.

Sasa siri ambayo wengi wanaikosa. Kitu kimoja kinashikwa, kingine kinaachwa huru. Hapa mrija unabandikwa kwenye gurudumu, na kijiti kinabandikwa kwenye ubao. Kati ya mrija na kijiti, hakuna hata tone la kole. Ukibandika vyote, umetengeneza pambo.

1. Kata mrija wa sentimita 2, uupitishe kwenye tundu la gurudumu. Utokeze kidogo pande zote mbili. Vile vimasikio ndivyo vinavyozuia gurudumu lisikwaruze kuta za mwanya. Weka kole kuzunguka mrija kwa nje. Ngoja ikauke.
2. Pitisha kijiti cha sentimita 6 ndani ya mrija. Zungusha gurudumu kwa kidole. Lizunguke vizuri sasa, kabla hujaendelea.
3. Pindua ubao, weka gurudumu ndani ya mwanya, ncha za kijiti zilale juu ya kartoni kulia na kushoto. Zifunge kwa skochi, safu tatu.

Gurudumu la mbele lina njia mbili. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, kata mwanya mwingine mbele na ufanye vile vile. Usukani uwe kijiti kilichosimamishwa kwa kole, kisichogeuka. Inatosha kabisa.

Kwa wakubwa, kata ukanda wa kartoni wa sentimita 3 kwa 17, ukunje kama mlango: kichwa cha sentimita 3, miguu miwili ya sentimita 7. Gurudumu linakaa katikati ya miguu kwa kijiti chake. Kijiti kingine kirefu kinasimama juu ya kichwa na kushikwa kwa kole, kisha kinapanda kupitia kipande cha mrija kilichobandikwa kwenye tundu mbele ya ubao. Juu kabisa funga kijiti cha kukatisha kwa uzi, uwe usukani. Kanuni ni ile ile: kijiti hakigusi kole ndani ya mrija. Mbele itakuwa juu kuliko nyuma, na ndivyo chukudu ilivyo.

Malizia kwa kuvisha magurudumu ukanda wa mpira wa baiskeli. Kartoni tupu huteleza kwenye sementi laini, mpira hukamata.

Haitasimama yenyewe. Watu huniuliza dawa ya hilo, nami sina: hata ile ya kweli huegemezwa ukutani.

Ukifaulu: shika usukani, sukuma, magurudumu yote mawili yazunguke bila kuburutwa. Jaribuni kwenye sementi au ubao, si uani kwenye mawe ya volkano, ambako hata mpira mzuri utakwama.

## Hatua ya 5: Kukata na kukaanga

Washa mbabula (jiko la makala) sasa, nje. Makala huhitaji kama dakika 20 kuwa mekundu yote, na muda huo unatosha kukata donge na kulipumzisha.

Tahadhari ambayo haina mjadala: mbabula isiingizwe chumbani, hata mvua ikinyesha, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Makala hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Mvua ikija, chagueni baraza lililo wazi au mle vya hatua ya 6.

Sukuma donge hadi unene wa sentimita 1. Kata kwa mdomo wa glasi, kisha toboa katikati kwa kifuniko cha chupa ya maji. Watoto wafanye hili lote. Ndio wakati wao mzuri zaidi. Tundu si urembo tu: linaondoa ile sehemu ya katikati inayobaki mbichi wakati kingo zimeshaiva. Panga kwenye meza yenye unga kidogo, funika dakika 15.

Watoto warudi nyuma sasa. Chora mstari kwa chaki, hatua tatu kubwa kutoka kwenye moto, na mkubwa wa pili ashike zamu.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 5, yasizidi nusu ya sufuria. Tupa kipande kidogo cha donge. Kikilala chini bila povu, bado ni baridi, na mandazi yatakunywa mafuta. Kikigeuka kahawia mara moja, ni moto mno: nje yataungua, ndani mabichi. Kinatakiwa kizame kidogo, kisha kiibuke ndani ya sekunde chache, kikizungukwa na povu jembamba.

Yakishafika hapo, toa makala mawili matatu au yafunike kwa majivu. Kosa kubwa la mbabula ni kwamba inaendelea kupanda joto huku wewe umeridhika. Kaanga manne kwa wakati mmoja, dakika moja na nusu kila upande, na ujaribu mafuta tena kila baada ya awamu mbili.

Ukifaulu: andazi lina rangi ya kahawia juu na chini, na mkanda mweupe kiunoni. Mkanda huo unasema liliumuka vya kutosha likaelea. Pasua moja: ndani kukavu, kama mkate.

Mafuta yakishika moto, funika sufuria kwa mfuniko na uondoe mikono. Usimwage maji. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yatiririke juu ya kidonda dakika 20. Si dawa ya meno, si mafuta. Jeraha la usoni, la kiganja, au kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua liende kituo cha afya.

## Hatua ya 6: Chukudu ya kula, wakati wanangoja

Hii ni kazi ya upande wa pili wa mstari wa chaki. Kipande kirefu cha mkate ndicho ubao. Spageti kavu ndiyo kijiti, kwa maana haichomi kama kijiti cha meno na ikivunjika hakuna hasara. Magurudumu ni duara za tango au ndizi. Jibini ya Masisi, iliyokatwa vipande vidogo, ndiyo mzigo. Ni ngumu kiasi, inakatika bila kumong'onyoka. Kabla ya kula, chomoa spageti.

Kwa walio chini ya miaka 5 usitumie karoti mbichi ya duara wala karanga nzima. Hukwama kooni. Ndizi ikatwe tena nusu.

## Hatua ya 7: Mchezo wa mzigo

Jazeni maharage kwenye vipande vya soksi kuukuu, mfunge, viwe magunia. Weka ubao mmoja juu ya tofali mbili uwe kilima, na rudini kwenye ukurasa mliochagua. Kila mtoto apandishe mzigo wa kitabu kwa chukudu yake huku akisimulia ukurasa ule kwa maneno yake.

Usiwaambie mzigo ukae wapi. Wajaribu mbele, nyuma, katikati. Gunia likikaa nyuma sana, usukani unanyanyuka na gurudumu la mbele linaelea. Wataona, watabishana, watahamisha. Mshindi si wa kwanza kufika juu bali asiyemwaga. Kanuni hiyo isemwe mapema, la sivyo kartoni zitavunjika dakika ya pili.

Mandazi yaliwe yakiwa vuguvugu, siku hiyo hiyo. Yatakayobaki yafunikwe kwa kitambaa, si kwenye mfuko wa plastiki ambako hutoa jasho.

## Mafuta yaliyobaki

Yaache yapoe kabisa kwenye sufuria, mahali mtoto hafiki. Yachuje kwa kitambaa safi, uyatie kwenye chupa yenye kifuniko na uiweke gizani. Yatakufaa kukaangia sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) mara moja au mbili. Yakiwa meusi, yakitoa povu zito au moshi kabla ya kupata moto, yamwage kwenye majivu baridi, si kwenye mfereji.